Kumwona samaki wa topeni: mwongozo kamili kwa mwalimu wa Uganda anayepeleka klabu ya sayansi pwani

Mara ya kwanza nilipopeleka klabu ya sayansi kutoka Jinja hadi Gazi, kusini mwa Mombasa, tulifika ukingoni mwa mikoko saa kumi jioni, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye matawi ya chini. Hapakuwa na tope wala samaki. Mama mmoja wa pale alilitazama basi letu lenye namba za Uganda, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mmekuja na maji yamejaa. Mngefika saa nne asubuhi." Mwanafunzi aliyekuwa nyuma yangu akauliza kama mvua ilinyesha sana usiku ule ndipo maji yakajaa.

Swali lile lilinionyesha kosa langu. Nilikuwa nimewafundisha watoto habari za samaki, nikasahau kuwafundisha habari za bahari. Mtoto aliyekulia kando ya Nyanza, yaani Ziwa Victoria, anajua maji yenye mawimbi, upepo na dhoruba, lakini hajui maji yanayoondoka na kurudi mara mbili kwa siku. Tangu hapo nimerudi pwani na vikundi vingine, na haya ndiyo niliyojifunza.

Ni samaki gani huyu?

Ni samaki mdogo wa bahari anayeishi kwenye ukanda wa pwani unaofunikwa maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa. Wengi mtakaowaona ni wa urefu wa kidole. Rangi yake ni ya tope, na macho yake mawili yametokeza juu ya kichwa kama ya chura. Maji yakipwa, samaki wengine hukimbia nayo, lakini huyu hubaki nchi kavu akitembea, akiruka, akila na kugombana na wenzake. Wanasayansi wanamweka katika jenasi ya Periophthalmus. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki wanajulikana hasa Periophthalmus argentilineatus, anayepatikana kuanzia Bahari ya Shamu hadi Afrika Kusini, na ndugu yake Periophthalmus kalolo. Mimi katika mwongozo huu nitamwita samaki wa topeni.

Hatua ya kwanza: anzeni na kamongo, hapa hapa nyumbani

Wiki mbili au tatu kabla ya safari, wapeleke wanafunzi kwenye mwalo ulio karibu nanyi. Sisi huenda Masese. Wa Kampala wanaweza kwenda Ggaba. Nendeni asubuhi wavuvi wanaporudi, mkaangalie beseni za wauzaji. Ngege akitolewa majini hufa upesi. Kambare na kamongo huendelea kutikisika muda mrefu hata kwenye maji kidogo. Waulize wanafunzi kwa nini, na usiwape jibu haraka.

Jibu lenyewe ni tamu kwa sababu kila mmoja wao amelitatua tatizo lile kwa njia yake. Kamongo, ambaye Waganda humwita emmamba na ukoo mzima wa Buganda umemfanya muziro wake, yaani mnyama wa ukoo ambaye wenyewe hawamli, ana mapafu. Lazima apande juu kuvuta hewa, na akizuiwa hufa maji ingawa ni samaki. Kambare, yaani emmale, ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachonyonya hewa. Samaki wa topeni hana mapafu. Anapumua kwa ngozi na kwa utando wa ndani ya kinywa na koo, na sehemu hizo hufanya kazi zikiwa na unyevu tu. Likishika hilo darasa, nusu ya safari mmeshaimaliza kabla ya kupanda basi. Waonye tu kwamba neno mamba kwa Kiswahili cha kawaida ni yule mnyama wa kutisha wa mtoni, wasije wakamweleza mwenyeji wa Gazi kwamba nyumbani kwao watu wengine wana muziro wa mamba na wengine humla kwa matooke.

Kuna jaribio moja ambalo siliachi kamwe. Nunua ngege mmoja, fungua kifuniko cha shavu, kata tamvua moja uliweke kwenye glasi ya maji safi. Vinyuzi vyake vyekundu hutandazika kama manyoya. Sasa liinue kutoka majini: vinyuzi vyote hunatana vikawa kitu kimoja. Hapo mtoto anaona kwa macho kwa nini samaki wa kawaida anakosa pumzi mahali penye hewa tele. Matamvua ya samaki wa topeni ni magumu zaidi, hayalali kirahisi, na huweza kuweka maji ndani ya mashavu yake huku akitembea.

Hatua ya pili: fundisha kupwa na kujaa

Nyanza nayo hupanda na kushuka, lakini kwa mvua, kwa upepo, na kwa maji yanayoachiwa Jinja kuingia Nile. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikapita kidogo rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964, na wengi wetu tunakumbuka nyumba na mialo iliyozama. Kupanda kule kulichukua miezi. Sasa waambie watoto kwamba Mombasa, siku za bamvua, bahari hupanda zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa sita na dakika chache, kisha hushuka tena, na kesho yake vilevile. Mimi huwapeleka ukutani, nachora mstari wa mita 3 juu ya sakafu, na kuwaambia: asubuhi mngesimama hapa mkiwa wakavu, jioni maji yangepita juu ya vichwa vyenu. Darasa hunyamaza.

Wafundishe maneno manne, kwa maana bila hayo hawataelewana na wenyeji: kujaa, kupwa, bamvua na maji mafu. Bamvua ni siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baadaye. Sababu ni kwamba jua na mwezi huwa zinavuta bahari kwa mstari mmoja. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, pale jua na mwezi zinapovuta kwa pande zinazokingamana. Hapo bahari husogea kidogo tu, na tope linaloachwa wazi huwa kidogo pia. Maneno haya hayamo vinywani mwa watu wa bara, na ndiyo maana nafurahi kuwasikia watoto wa Busoga wakiyatamka. Kiswahili wanachokisoma shuleni kwa ajili ya mtihani kinapata ghafla bahari yake.

Hatua ya tatu: chagueni siku kwa kuangalia mwezi

Hapa ndipo safari hufanikiwa au huharibika. Usianze na tarehe ambayo basi linapatikana. Anza na mwezi.

Bamvua ya Mombasa ina tabia ya kutegemewa: maji hupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Hii ni bahati kubwa kwa mwalimu, maana tope huwa wazi mchana, watoto wakiwa na nguvu, na samaki nao wakiwa kazini. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Ukichagua siku za maji mafu, maji hupwa alfajiri na tena jioni kuelekea magharibi, na hupwa kidogo. Usiende.

Kwa hiyo chukua kalenda yenye alama za mwezi, au muulize jirani yako Mwislamu leo ni mwezi ngapi. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu ndizo zako. Kisha hakikisha kwa jedwali la maji la bandari ya Kilindini, ambalo hupatikana kwenye intaneti. Saa za Uganda na Kenya ni zile zile, huna hesabu ya ziada.

Upande wa likizo, ya kati ya muhula wa pili na wa tatu, mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, ndiyo ninayoipenda. Likizo ya Mei huangukia kwenye masika ya pwani, mvua inapiga, njia zinateleza na watoto wanarudi na mafua. Desemba na Januari ni wakati wa kaskazi na jua ni kali, lakini inawezekana.

Hatua ya nne: mahali

Mikoko ipo sehemu nyingi za pwani ya Kenya, lakini kwa wanafunzi nashauri mahali penye njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya tope. Gazi, kaunti ya Kwale, ipo njia ya namna hiyo inayoendeshwa na kikundi cha akina mama wa kijiji. Kiingilio mnacholipa kinabaki kijijini, na akina mama wanaijua mikoko yao mti kwa mti. Mida Creek, karibu na Watamu, ni pazuri pia, hasa kama mnapenda ndege wa pwani. Kwenda Gazi kutoka kisiwani Mombasa mnaweza kuvuka kwa feri ya Likoni. Iwekeeni saa nzima ya kusubiri, kwa sababu feri haiwangojei wala maji hayawangojei.

Pigeni simu kabla, mwambie mwenyeji: "Tunataka maji yakiwa yanakupwa, tufike saa moja kabla hayajafika mwisho." Sentensi hiyo moja itamfanya akuchukue kwa uzito.

Hatua ya tano: karatasi na mizigo

Mwalimu mwenye kitambulisho cha taifa cha Uganda huvuka Busia au Malaba kwa kitambulisho hicho. Kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18, nenda ofisi ya uhamiaji mapema ukaulize ni hati gani inayotakiwa kwa kikundi cha shule, na uwe na barua ya mwalimu mkuu na ridhaa ya kila mzazi kwa maandishi. Kila mtu abebe kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10 na haihitaji kurudiwa, kwa hiyo usingoje wiki ya safari.

Mizigo ya topeni ni michache. Viatu vya mpira au vya turubai vinavyofungwa kamba, kwa maana ndala hubaki topeni mguu ukitoka. Suruali ndefu, kofia, maji ya kunywa zaidi ya mnavyodhani, daftari la karatasi ngumu na penseli, maana wino huyeyuka. Darubini mbili kwa kikundi kizima zinatosha. Saa moja yenye mshale wa sekunde. Usibebe wavu wala ndoo.

Jambo moja la adabu: watoto wetu wamezoea kupiga magoti au kusema "jambo". Pwani mkubwa anaamkiwa "shikamoo", naye hujibu "marahaba". Wafanyie mazoezi njiani. Nimeona mzee aliyekuwa amekaa pembeni akijitengenezea nyavu zake akinyanyuka na kutembea nasi asubuhi nzima, kwa sababu watoto ishirini wa Uganda walimwamkia mmoja mmoja.

Hatua ya sita: kaeni kimya

Mkifika, mtaona tope tupu. Samaki wamewaona ninyi kwanza. Macho yao yametengenezwa kwa kazi hiyo, na mtikisiko wa mbao unawafikia. Gaweni kikundi, watoto watano watano, kila kikundi kikae mita 3 au 4 kutoka kwenye kidimbwi au mlango wa mfereji. Kaeni chini, si kusimama. Kivuli kisiangukie topeni. Halafu dakika kumi na tano bila neno.

Dakika tano za kwanza ni mateso kwa mtoto wa kidato cha pili. Kwenye dakika ya sita au ya saba kaa wadogo huanza kutoka, wale ambao dume wao ana gando moja kubwa analolipunga. Wakitoka kaa, samaki yu karibu. Mara nyingi mtoto hugundua kwamba "jiwe" alilokuwa akilitazama muda wote lina macho.

Hatua ya saba: mambo ya kutazama

Anzeni na mwendo. Waambie wachunguze mapezi ya mbele: yote mawili husogea kwa pamoja, mwili ukivutwa mbele, kama mtu anayetembea kwa magongo. Mjusi hutembea kwa kupokezana miguu, huyu sivyo. Akitishwa hukunja mkia na kujirusha, na mruko mmoja humpeleka mbali kuliko hatua kadhaa. Mpe mtoto mmoja kazi ya kuhesabu hatua kati ya mapumziko mawili, na mwingine achore.

Kisha macho. Samaki wengi hawapepesi, huyu hupepesa. Jicho huzamishwa kwenye kishimo chake na kurudi. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba anapepesa kwa sababu zile zile tunazopepesea sisi: kulilowesha jicho, kulisafisha na kulilinda. Hesabuni mara ngapi kwa dakika, samaki aliye juani na aliye kivulini, mkalinganishe. Hili ndilo zoezi linalowapendeza watoto kuliko yote, na takwimu zake ni zao wenyewe.

Tazameni anavyojilaza ubavu kwenye kidimbwi, upande huu na kisha ule. Anailowesha ngozi yake. Mtoto aliyefanya jaribio la tamvua nyumbani ataelewa papo hapo: akikauka, pumzi imekwisha. Ndiyo maana hawaendi mbali na maji na hupenda kivuli cha mizizi.

Kula ni kwa ghafla. Hula kaa wadogo, minyoo na wadudu. Samaki wa kawaida humeza kwa kuvuta maji, na nchi kavu hakuna maji ya kuvuta. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walimrekodi ndugu yake wa Afrika Magharibi, Periophthalmus barbarus, wakaona kwamba hubeba maji kinywani, huyatoa kidogo yakamgusa mdudu, kisha huyavuta tena pamoja naye. Anatumia maji kama ulimi. Ukimwona samaki mnayemtazama amemnyakua kitu kisha akarudi kidimbwini, waulize wanafunzi alikuwa akifuata nini kule.

Pezi la mgongoni huinuliwa kama bendera. Hapo kuna ugomvi wa mpaka au kuna posa. Andikeni nani aliinua kwanza na nani alirudi nyuma.

Mwisho, mashimo. Mengine ni ya kaa, mengine ya samaki, na mwenyeji wenu atawaonyesha tofauti. Msiingize kijiti. Kwa aina moja ya huko Japani imegunduliwa kwamba mayai hubandikwa kwenye dari ya chumba cha chini chenye hewa, na dume ndiye huijaza hewa hiyo kwa kuibeba kinywani, funda moja baada ya jingine. Mayai yakiwa tayari, dume huitoa hewa ile, maji yakaingia, watoto wakaanguliwa. Nikiwaambia hayo wavulana wangu, mikono iliyoshika vijiti hulegea yenyewe.

Mkiwa hapo, jifunzeni na miti pia. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu una mizizi inayochomoza topeni kama penseli zilizosimamishwa. Samaki hupanda ile ya kwanza na kujificha kati ya ile ya pili.

Hatua ya nane: maji yanaporudi

Maji hayaji kutoka mbele tu kama mnavyotazamia. Hupitia mifereji, na mfereji unaweza kuwa nyuma yenu. Weka saa ya kuondoka kabla ya kuingia, nusu saa baada ya maji kufika mwisho wa kupwa kwa walio topeni. Walio juu ya njia ya mbao wanaweza kubaki zaidi, na inafaa wabaki. Wakati maji yanapoingia, samaki husogea nayo ukingoni, wengine hupanda mizizi na kukaa juu wakiyatazama yakipita chini yao. Nimeuona mstari mzima wao kwenye mzizi mmoja, wote wameelekea upande mmoja. Hesabuni watu kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Mguu ukizama, usiuvute kwa nguvu. Kaa chini, utikise polepole, mwenzako akupe mkono.

Kumchukua mmoja hadi Uganda?

Kila mwaka huulizwa, na jibu langu ni hapana. Anataka maji yenye chumvi kiasi, hewa yenye unyevu na joto, na mahali pa kupanda; safari ya basi ya siku nzima na usiku wake katika chupa ni kifo. Kumkamata na kumvusha mpakani akiwa hai kunahitaji vibali ambavyo klabu ya shule haina. Chukueni michoro, namba na picha.

Mkirudi, fanyeni kazi ya mwisho juma lile lile, kabla kumbukumbu hazijapoa. Rudini mwaloni na daftari zile zile, mkae mbele ya beseni lenye kamongo, kila mtoto aandike jedwali la samaki wawili: anapumua kwa nini, anatembeaje, akikosa maji anafanyaje. Mwaka jana muuza samaki wa Masese alizisoma namba za kupepesa, akauliza kama ni kweli huyo wa baharini anafumba macho. Mwanafunzi wa kike aliyekuwa amekaa dakika kumi na tano juani Gazi akamjibu, "Mama, mara kumi na moja kwa dakika. Nilimhesabu mwenyewe."